Krosi ya Jamaa Yangu

Redio alileta habari kabla hajakaa, na sisi tunamjua: akikaa kwanza ni umbea, akisimama ni balaa. Ni dereva mwenzetu hapa Gairibhanjyang, kijiji cha mlimani kwenye mpaka wa India na Nepali, na tulimpa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Alisimama mbele ya benchi letu, nje ya mgahawa wa chai wa Dada Maili, simu mkononi, ukungu umemlowesha kofia, akatusomea. Ofisi ya usafiri wilayani inatuma mkaguzi kesho asubuhi, siku moja kabla ya mbuga kufunguliwa baada ya mvua. Kila landrova ya kizamani inayopandisha watalii mlimani itapelekwa uwanja wa mpira, itatiwa gia ya magurudumu manne, usukani utakatwa mpaka mwisho, halafu izunguke mara tatu kulia na mara tatu kushoto. Itakayogonga, chuma kikilia tak, inafutiwa namba, na namba inapewa gari jipya.

"Itakayogonga," akarudia.

Hakuniangalia mimi, lakini nilihisi ananiangalia. Nikachukua kipande cha churpi, lile jibini letu kavu gumu kama kokoto, nikakitia mdomoni ili niwe na sababu ya kunyamaza. Churpi inatafunwa saa nzima. Nilihitaji saa nzima.

Nijitambulishe, ingawa pale kijiweni nimeshajitambulisha mpaka watu wamechoka. Mimi ndiye Daktari. Miaka tisa iliyopita nilishuka mjini Siliguri kwenye mafunzo ya siku tatu yaliyoandaliwa na kampuni moja ya kuuza oili, nikarudi na cheti na kofia. Kofia ilipeperuka siku ya pili. Cheti mke wangu alikikataa ndani ya nyumba, kwa hiyo kimetundikwa kwa Dada Maili, juu ya jiko, na moshi umekifanya kionekane cha zamani na cha maana zaidi. Tangu siku hiyo hakuna gari lililokohoa hapa nisilolisemea. Mtu akija na kelele kwenye ekseli, mimi nafumba macho, nasikiliza, natoa jibu. Jibu likiwa si lenyewe, nasema gari limedanganya.

Sasa uelewe kilichonikaba. Kwetu namba ndiyo maisha. Chama chetu kina landrova thelathini na mbili, kila moja na namba yake, na watalii wanagawiwa kwa zamu ya namba. Huna namba, huna mlima. Mimi ni namba tatu, niliyoachiwa na baba pamoja na gari lenyewe, ambalo lilizaliwa kabla yangu na asubuhi linawaka kuliko mimi. Nikiipoteza, mke wangu alishanipangia: kaka yake, tajiri wa vifaranga kule bondeni, anatafuta dereva wa kusambaza makasha. Shemeji yangu huyo hamwiti mtu, anampigia mluzi. Miaka ishirini na sita nimepandisha gari juu ya mawe ambayo hata mbuzi wanayazunguka, halafu niishie kupigiwa mluzi, vifaranga wakilia nyuma.

Na gari langu lilikuwa linagonga. Ilikuwa siku ya tatu. Upande wa kulia mbele, nikikata kona na gia ya mbele, ile inayoyapa nguvu magurudumu ya mbele, tak, tak, tak, na usukani unanirusha mikono kama unanifukuza. Nilikuwa nimebadilisha krosi kwa mkono wangu mwenyewe. Krosi ni kile chuma chenye umbo la msalaba kilichoko kwenye ekseli ya mbele, kinachofanya shafti iendelee kulizungusha gurudumu hata likiwa limekatwa. Kila ncha ya msalaba inavaa kikombe kidogo cha chuma chenye safu ya sindano ndani, na kikombe kinafungiwa na loki, kiduara chembamba kinachokaa kwenye mfereji wake. Somo hili nimelifundisha benchi zima. Mke wangu anasema nalifundisha hata usingizini.

Aliyekuwa karibu yangu ni Pampu. Hilo jina nilimpa mimi, miaka kumi na tisa iliyopita, wiki aliyovuka mpaka kutoka Ilam, upande wa Nepali, na gari ambalo breki zake zilitaka kukanyagwa mara nne ndipo zikumbuke kazi. Breki alizitengeneza mwezi uleule, jina likabaki. Ni mtu wa maneno machache, na mwaka jana alinipa zawadi ya msimu mzima: alifunga krosi vibaya. Sindano moja ilimponyoka ikalala chini ya kikombe, kikombe kikakataa kufika mwisho. Nilimchambua kuanzia sikukuu za Dashain mpaka theluji ilipoyeyuka. Nilimchorea na picha kwa mkaa kwenye ukuta wa Dada Maili, na picha bado ipo.

Kwa hiyo niliisukuma churpi shavuni, nikasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viazi:

"Hivi, kuna jamaa yangu mmoja wa bonde la pili. Kafunga krosi mpya mbele, sasa inamgonga akikata kona."

Benchi zima likageuka.

"Ana landrova?" Pampu akauliza.

"Anayo."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kama yako."

"Za kijani zipo nyingi."

"Zipo mbili," Redio akasema. "Yako, na ile ya marehemu Kaila wanayofugia kuku."

Nikasema jamaa kaipaka rangi juzi tu, ndiyo maana hawajaiona. Redio akataka kujua jamaa anaitwa nani. Nikamwambia ni mtu asiyependa kutajwatajwa. Redio akasema mtu asiyependa kutajwatajwa asingekuwa na urafiki na mimi, na hapo nikatafuna.

Pampu hakuingia kwenye utani. Alimimina chai kwenye kisahani akaipuliza, akaanza kuuliza kama mganga aliyefungua asubuhi. Gari likienda moja kwa moja linagonga? Nikasema haligongi. Akitoa gia ya mbele, akazunguka kwa nguvu ya magurudumu ya nyuma peke yake? Linanung'unika tu. Basi si beringi ya gurudumu, akasema, beringi haichagui gia. Ni krosi, imekaa vibaya. Yote hayo niliyajua. Ningeyasema mimi, kwa maneno hayohayo, na mikono juu.

"Kabla hajairudisha shafti ndani," akaendelea, "aliipima kama krosi inaanguka yenyewe?"

"Inaanguka vipi?"

"Si ulitufundisha wewe? Iliyokaa sawa, ukiinua upande mmoja ukauachia, unaanguka kwa uzito wake. Iliyokaa vibaya inasimama pale ulipoiacha."

"Nadhani ilisimama."

"Akafanyaje?"

"Akasema ni mpya, italainika barabarani."

Redio chai ilimtokea puani. Akajifuta, akasema huyo jamaa angekuwa mwanawe angemrudisha chekechea na mkoba wake. Nikamtetea. Nikasema ni mzoefu, ila alikuwa na haraka, na watu wenye kazi nyingi hukosea kuliko watu wanaoshinda kwenye benchi. Redio akauliza jamaa huyo mwenye kazi nyingi mbona muda wote anashinda mdomoni kwangu.

"Loki iliingia kwenye mfereji?" Pampu akauliza. "Ililia tik?"

"Ilikuwa nene kidogo."

"Loki mpya, imekuja na krosi hiyohiyo, ikawa nene?"

"Kidogo."

"Akafanyaje?"

Nikautazama mlima. Mlima wenyewe haukuonekana kwa ukungu, lakini niliutazama.

"Aliipunguza kwa tupa."

Pampu akaweka kisahani chini. Alisema taratibu, bila kumpandishia mtu, kwamba loki ikikataa mfereji inakuambia kikombe hakijafika. Ukiipunguza loki, kikombe kinabaki palepale, umemziba mdomo shahidi tu. Na loki nyembamba itachomoka siku moja, na haitachomoka gari likiwa uwanjani. Itachomoka kwenye mteremko wa kona ya tisa, watu sita ndani, kikombe kitoke, krosi ijikunje, gurudumu likwame limekatwa upande. Hakumaliza. Kona ya tisa tunaijua sote, na kilichoko chini yake tunakijua.

Tangu Redio afike nilikuwa nawaza namba, vifaranga na mluzi. Kona ya tisa sikuiwaza hata mara moja.

Redio yeye alishapata kazi. Alimwita jamaa yangu kichwa maji, akasema tupa wamnyang'anye wampe kijiko, akasema kichwani ana oili iliyopitiliza kubadilishwa. Nikajikuta nimekasirika kwa niaba ya jamaa mpaka nimesimama. Nikamwambia usimhukumu mtu hujui kalelewaje. Nilikuwa namtetea mtu asiyekuwepo.

Ndipo Dada Maili akatoka jikoni na upawa wake. Yeye ndiye mwenye mgahawa, na benchi hili mabishano yake yote yanaishia kwake.

"Mwambie jamaa yako alete gari hapa mbele, pana mwanga."

"Anakaa mbali, dada."

"Si mbali. Kaliegesha nyuma ya choo changu tangu juzi. Wateja wangu wanapita ubavu ubavu."

Tukaenda wote nyuma ya choo, mimi wa mwisho. Hata pale, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, picha ya baba ikiwa kwenye dashibodi, niliendelea kusema "gari la jamaa". Sijui kwa nini. Mdomo wangu ukishashika barabara haujui kugeuza.

Pampu akaweka mawe nyuma ya matairi, akainua gari, akatoa gurudumu, akatoa habu, akaivuta shafti nje na krosi yake, oili ikidondoka. Mimi nilikuwa natoa maelekezo. Nilimwambia alegeze nati alizokuwa keshazilegeza. Nilimwambia aangalie sili, naye alikuwa ameishika. Mwishowe Dada Maili akanipa beseni la oili nilishike, akasema mtu aliyeshika beseni kwa mikono miwili hana kidole cha kuonyeshea.

Wakaifunga shafti kwenye jiliwa ya Redio. Pampu akainua upande mmoja wa krosi, akauachia. Ukabaki hewani, umenyooka, kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Akakagua loki. Tatu zilikuwa nzima. Ya nne akaichomoa kwa koleo, akaielekeza kwenye mwanga, ikawa nyembamba kama ukucha wa mtoto.

"Hii ndiyo kazi ya jamaa yako?"

"Ndiyo."

"Ilimchukua muda gani?"

"Alasiri nzima," nikasema, na nikashangaa sauti yangu ina majivuno.

Akakigonga kikombe kikatoka. Kila mmoja wetu alijua kitakachoonekana: sindano imelala chini. Mimi niliiombea kabisa hiyo sindano. Sindano kuponyoka ni kosa la watu wazima, limempata hata Pampu, tungekuwa sare na mambo yangeisha. Pampu akazihesabu kwa ncha ya msumari. Zote zilikuwepo, zimesimama wima ukutani mwa kikombe, hakuna hata moja iliyokosekana. Akafuta grisi kwa kitambaa. Chini kabisa, kitu kidogo kilikuwa kimeganda kwenye chuma, kimepondwapondwa, chekundu.

"Kutu," Redio akasema.

Dada Maili akakibandua kwa kucha. Akakisugua kati ya vidole, akanusa. Huyu mama amepika wali miaka thelathini.

"Ni mchele," akasema. "Una mtindi na poda nyekundu. Hii ni tika ya baraka."

Hakuna aliyecheka. Waligeuka tu kunitazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Niliona aibu, aibu kamili, ile inayoanzia miguuni. Na ghafla nikamchoka yule jamaa wa bonde la pili, nikatamani aende zake.

"Niliutia mimi," nikasema.

Nikawaeleza yote. Ilikuwa siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo hapa kwetu hakuna anayegusa spana. Zana zinaoshwa, zinapangwa, zinapewa maua na tika, zinapumzishwa, na magari yanavishwa mataji. Krosi yangu mpya ilikuwa imefika jana yake, nikaona isianze kazi bila baraka. Wenzangu wanabandika tika juu ya boneti na juu ya nyundo, wanaridhika. Mimi, Daktari, nikalitazama jambo hili kitaalamu. Baraka ya nje inaondoka na mvua, nikasema moyoni, ya ndani inadumu. Nikavua vikombe vyote vinne nikavipanga kwenye sinia, nikatia kila kimoja punje zake, kisije kimoja kikajiona yatima. Kesho yake nikazimwaga zile punje, nikapaka grisi, nikafunga. Vikombe vitatu viliachia. Cha nne kiling'ang'ania baraka yake. Kilipogoma kuingia nikakipiga nyundo, kilipogoma tena nikachukua tupa.

Hapo ndipo walipocheka. Redio alikaa kwenye matope na suruali yake ya sikukuu. Akasema ameshaona krosi iliyokosa grisi na krosi iliyokosa sindano, lakini iliyolishwa wali ndiyo mara ya kwanza. Dada Maili alijishikiza kwenye ukuta wa choo, akauliza kama na mboga niliweka au nilikilisha wali mkavu. Mimi nami nikaanza kucheka, beseni mikononi, oili inanimwagikia viatuni, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Pampu peke yake hakucheka. Alikuwa anaosha kikombe kwa mafuta ya taa.

"Mimi mwaka jana iliniponyoka sindano," akasema bila kuinua kichwa. "Sindano angalau ni ya krosi."

Akaishia hapo. Msimu mzima nilimchambua, nikamchora na ukutani, naye akanilipa kwa maneno hayo tu. Yalinitosha. Nilitamani anitukane kidogo, ingekuwa nafuu.

Kikombe kilikuwa kizima, sindano nzima, msalaba mzima. Kilichokosekana ni loki, ile niliyoifanya ukucha. Duka la loki liko Siliguri, mwendo wa saa nne kushuka na saa tano kurudi, na ilikuwa saa tisa alasiri. Nikaweka beseni chini. Nikasema basi, nimeshakosa, nitampigia shemeji jioni hii kabla hajampa mtu mwingine kazi. Na sikuwa natania. Niliwasikia kabisa wale vifaranga. Hata Redio akaanza kujipangusa tope bila kuniangalia.

Pampu akauliza loki za krosi ya zamani nilizipeleka wapi. Nikasema nilimpa Dada Maili. Dada Maili akasema ndiyo, zinashikilia pazia la jikoni. Akaingia ndani, tukasikia kitu kinachanika, akarudi na loki mbili kiganjani.

"Pazia litakaa upande," akasema. "Chukueni."

Pampu akazipima kwa kucha, akachagua moja. Halafu akafanya kazi ambayo mimi nimeieleza mara mia na sijawahi kuitazama. Alisimamisha sindano mojamoja kwa grisi nzito, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo. Aliusukuma msalaba uingie kwanza ndani ya kikombe uzishikilie zisianguke, ndipo akakaza jiliwa, robo mzunguko, anasimama, anatazama, robo tena. Akaitia loki. Tik. Tuliisikia wote wanne. Krosi ilikuwa bado ngumu kidogo, na mimi nilijua kwa nini, na maelezo yalinijaa mdomoni, nikayameza. Akachukua nyundo ya shaba, akayagonga masikio ya shafti mara mbili tatu, kidogo tu, vikombe vikasogea vikakaa kwenye loki zake. Akainua upande mmoja, akauachia. Ukaanguka wenyewe, kama kichwa cha mtu aliyesinzia ibadani.

Nilikuwa nimefunga mdomo dakika arobaini. Dada Maili aliangalia saa.

Asubuhi uwanja wa mpira ulijaa landrova na pumzi za watu. Mkaguzi alikuwa kijana wa tambarare, kajizungushia mitandio mitatu, na alituchukia sote kwa sababu ya baridi. Namba moja akapita. Namba mbili, gari la mzee tuliyemzoea tangu utotoni, likagonga kwenye mzunguko wa pili. Tak, mara moja tu. Kijana akaandika kitu. Yule mzee akazima gari, akashuka, akaenda kukaa chini ya goli na mgongo kwetu. Hakuna aliyemtania. Na benchi letu linatania kila kitu.

Halafu mimi. Huwa nashika usukani kwa mkono mmoja, mwingine ni wa kuongelea. Siku hiyo nilishika kwa miwili. Nikatia gia ya mbele, nikakata mpaka mwisho kulia, nikaachia klachi. Mkaguzi alitembea kando ya gurudumu, kainama, sikio chini. Mzunguko wa kwanza nilisikia moyo wangu tu. Wa pili nikasikia na gari: injini, majani, kokoto, basi. Wa tatu nikaanza kuomba, na sikukumbuka maombi yoyote ila la kubariki zana, nikaliacha. Kushoto mara tatu. Kimya. Nikashuka.

Mkaguzi akaja na fomu. Akasema gari limepita, ila kazi ya ekseli ni mpya, kwa hiyo anataka jina kamili la fundi aliyeifanya. Bila hilo hapigi muhuri.

"Wameniambia wewe ndiye Daktari hapa," akasema. "Ni kazi yako?"

Madereva wote walikuwa wamesogea. Redio alikuwepo, na kimya chake kilinitisha kuliko mkaguzi. Sikufichi, "ndiyo" ilishafika kwenye ulimi, imevaa viatu.

"Si yangu," nikasema. "Ya kwangu ndiyo iliyokuwa inagonga. Hii kaifunga yule pale."

Nikamwonyesha Pampu, aliyekuwa anafuta kioo cha gari lake upande wa pili wa uwanja.

"Anaitwa nani?"

"Pampu."

"Jina, mzee. La kwenye kitambulisho."

Kalamu yake ikanisubiri. Kwetu watu wanaitana kwa nafasi ya kuzaliwa, kifungua mimba, wa pili, wa tatu, ama kwa namba ya gari, ama kwa dosari. Jina lenyewe linalala kwenye sanduku pamoja na karatasi za ardhi. Lakini miaka kumi na tisa! Nimekula kwake sikukuu. Nimebeba jeneza la mama yake mpaka juu kwenye mawe, mvua inatunyeshea, na pale kaburini nilimshika bega nikamwambia jikaze, Pampu. Nikamtazama Redio, mtu anayejua habari za wilaya nzima. Redio akatazama viatu vyake.

Nikachukua fomu, nikavuka uwanja.

"Pampu," nikasema. "Samahani, ndugu yangu. Unaitwa nani?"

Nilidhani atacheka au atakasirika, na vyote vilikuwa haki yake. Akakunja kitambaa, akafuta mikono.

"Harkadhoj," akasema. "Harkadhoj Limbu."

Fomu ilitaka aandike mwenyewe. Akailaza juu ya boneti, akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko mzuri ambao sikujua kwamba anao. Kule mbali mkaguzi alishatoa muhuri, anaupulizia uwe na joto. Pampu akashuka mstari wa pili. Akasimama. Akakuna sikio kwa kalamu, akanisogelea ili wengine wasisikie.

"Daktari. Hapa wanataka jina la mwenye gari."

"Ndiyo."

"Wewe nawe unaitwa nani?"

Nikamtajia: Santabir Rai. Akaandika, kisha akanitazama toka kofia mpaka viatu, akasema ni jina zuri, ila sifanani nalo.